Trela Lililoacha Kuimba

Katika kila mji unaokaa kando ya maji ya chumvi kuna mtaa mmoja ambao watu hawaupiti kwa hiari. Ndiko vinakopelekwa vitu vilivyoumwa na bahari: minyororo, nanga, injini zilizokata roho, na zaidi ya vyote matrela, yale ya kuvutwa nyuma ya gari yakiwa yamebeba boti. Trela la boti lina maisha ya taabu. Limeundwa kwa ajili ya barabara, lakini mwisho wa kila safari linarudishwa kinyumenyume hadi majini na kuzamishwa, likiwa bado na joto la njiani, ili boti ielee. Chuma cha moto kikiingia kwenye maji baridi huvuta pumzi, na kinachoingia na pumzi hiyo ni chumvi. Hapo kutu imeshapata nyumba.

Katika mtaa wa namna hiyo, baina ya muuza matairi makuukuu na mshona maturubai, palikuwa na karakana ya fundi mmoja aliyeitwa Kengele. Jina alipewa na wateja. Trela likiletwa, hakuanza kwa kuuliza lina shida gani. Alichukua nyundo ndogo, akapiga goti, akagonga fremu huku ametega sikio. Chuma kizima kililia ngiii, sauti ndefu yenye mkia. Chuma kilicholiwa kwa ndani kilisema pu, kama boga.

"Lakini fundi, si unaona rangi yake ilivyo nzuri?" mteja angebisha.

"Rangi ni shati, bwana. Mimi napima kifua."

Alikuwa ameanza kazi hiyo kama mchomeleaji wa mageti na madirisha, akaichoka kwa sababu geti likishafungwa halirudi tena kukusalimu. Matrela yalirudi. Kila msimu yalirudi yakiwa na jambo jipya: bolti iliyong'ang'ania mpaka ikatwe, springi iliyobanduka tabaka tabaka kama kitunguu, beringi iliyokauka grisi ikalia njia nzima. Alisema yeye ni kama fundi cherehani mwenye wateja wanaonenepa kila mwaka.

Mkewe naye alikuwa na cheo chake. Aliitwa Mama Mpira, kwa sababu ya mpira wa maji usiotoka mkononi mwake. Kila trela lililotoka baharini lilipita kwake kwanza, na hakuosha nje tu. Kengele alikuwa na kawaida ya kutoboa tundu kila mwisho wa paipu za fremu. Mama Mpira aliingiza mpira katika tundu moja, akasubiri maji ya bombani yapite ndani kwa ndani na kutokea upande wa pili, kisha akachovya kidole na kukilamba.

"Bado," angesema.

Akasubiri, akalamba tena. Hakufunga koki mpaka maji yawe hayana ladha yoyote.

"Iko siku utaota kutu tumboni," mumewe alimtania.

"Basi utanigonga na hiyo nyundo yako usikie kama mimi ni mzima."

Kengele aliwaambia wateja wote neno moja, na alilisema kwa ukali: usizibe matundu. Wapo waliodhani wanalinda trela kwa kuyaziba, ili maji yasiingie. Maji yataingia tu, aliwaambia, kwenye ufa wa kiungo, kwenye tundu la bolti usiloliona. Ukiziba, unayafungia ndani yakae yakila chuma.

Trela moja halikuwa la mteja. Walilitengeneza wenyewe, mume na mke, kwa ajili ya mdogo wake Mama Mpira, aliyekuwa na boti ya kukagulia maboya bandarini. Kengele alikata na kuchomelea, mkewe alishika paipu zisisogee, akageuza uso pembeni moto ukiwaka, akiuliza kila mara, "Tayari? Tayari?" Rangi ya kijani alichagua yeye, kijani cha milango ya benki, akasema mtu akija kuliiba, walau aone haya. Kwa kuwa shemeji hakuwa na uwanja kwake, trela na boti vilikaa nyuma ya karakana, chini ya dirisha la chumba cha kulala.

Na trela lile liliimba. Upepo wa baharini ulipopita kwenye matundu ya paipu, ulitoa mluzi wa chini, wa taratibu, kama mtu anayeosha vyombo huku akili yake iko mbali. Mama Mpira aliupenda. Alikaa dirishani akiusindikiza kwa midomo, na Kengele akisema hakuoa mke, ameoa bendi.

Mama Mpira alipougua, kwa nje hakubadilika. Aliendelea kushika mpira, kucheka, kubishana na mshona maturubai juu ya kivuli cha nani kiko kwa nani. Daktari alipokuja kusema, alisema kwa sauti ya mtu anayefunga mlango polepole: ugonjwa ulikuwa umekaa ndani muda mrefu. Kengele alisikiliza kichwa kikiwa chini. Alikuwa analala ubavuni mwake kila usiku. Yeye, mtu wa masikio, hakuwa amesikia kitu.

Akamzika. Watu walijaa, wakapungua, wakaisha. Siku nyumba ilipobaki na viti vyake tu, upepo ukavuma, na trela likaanza kuimba chini ya dirisha.

Alivumilia siku kadhaa. Alijifunika mto. Alihamia sebuleni. Mwishowe akachukua puti, ile ya kuzibia mabodi ya magari, akazunguka fremu nzima akiziba tundu moja baada ya jingine kwa kidole gumba, akasugua kwa msasa, akapaka rangi juu yake kijani kile kile. Kwa muda mrefu hakukaribia tena chuma kile kwa nyundo. Alilipaka rangi tu. Kila lilipotoka baharini shemeji alilimwagia maji ya ndoo kwa nje, haraka haraka, naye Kengele baadaye alitafuta brashi. Hakukuwa na trela linalong'aa kama lile mtaani kote.

"Mbona siku hizi haliimbi?" shemeji aliwahi kumuuliza.

"Upepo umebadilika," alijibu, akajitia kutafuta spana.

Sasa shemeji alikuwa anahama. Alikuwa amepata kazi katika bandari nyingine, ng'ambo ya milima, na angeivuta boti yake hadi huko, mkewe na watoto wakiwa ndani ya gari. Alifika asubuhi, amevaa kofia ya kazi mpya, anacheka kabla hajashuka.

"Shemeji! Umelipamba hivi, unaniuzia trela au unaniozesha?"

"Ukilioa utalitunza? Wewe hata viatu vyako vinakukimbia."

"Tusitukanane, leo tunaagana. Haya, niangalizie. Njia ile ni ya kupanda na kushuka tupu."

Kengele akaanza na magurudumu. Akafungua beringi, akazifuta, akajaza grisi mpya. Akakaza nati za ekseli. Akajaribu taa. Akamimina mafuta kwenye kufuli la kuungia trela na gari. Alifanya kila kitu kinachoweza kufanywa bila kugonga, na alipomaliza akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Tayari," alisema.

Shemeji alimtazama. "Na nyundo?"

"Hili nalijua. Nimelitengeneza mimi."

"Ya watu unagonga, langu hugongi? Shemeji, watoto wanakaa mbele ya chuma hiki. Nigongee nisikie ile ngiii yako, nikawasimulie huko."

Hapakuwa na pa kujificha. Kengele alichukua nyundo. Alianzia mbele, karibu na kufuli, sehemu ambayo haifiki majini. Ngiii. Shemeji akatabasamu. Akasogea. Ngiii, lakini mkia wake ulikuwa mfupi. Alipofika nyuma, kwenye paipu zinazozama kila safari, mkono wake ulikuwa mzito kama wa kuazima.

Pu.

"Hebu rudia," shemeji alisema, sasa hacheki.

Pu. Akasogea kiungo cha pili. Pu. Upande wa pili, chini ya roda ya kutelezeshea boti, pigo lilitua bila sauti kabisa. Nyundo ilizama kwenye rangi ile nzuri kama kidole kwenye mkate uliolowa, na alipoivuta, unga mwekundu ukamwagika juu ya kiatu chake.

Mtaani muuza matairi alikuwa anabishana na mtu, na sauti zao zilifika pale kama za nchi nyingine.

Shemeji alichuchumaa. Alipitisha kidole mwisho wa paipu, palipotakiwa kuwa na tundu, akahisi kijiduara kilicho laini kuliko chuma. Akakikwangua kwa kucha. Puti ilibanduka.

"Nani kaziba?"

"Mimi."

"Wewe?" Alisimama taratibu. "Wewe uliyenifukuza hapa siku moja kwa sababu nilichomeka kijiti cha kufungia kamba kwenye tundu moja?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Kengele alitazama dirisha la chumba chake. Kisha akatazama nyundo, kana kwamba jibu lingekuwa limeandikwa kwenye mpini.

"Lilikuwa linaimba," alisema. "Yeye hayupo, lenyewe linaimba. Nilishindwa, shemeji."

Shemeji alivua ile kofia mpya. Kengele alingoja atukanwe, ingekuwa nafuu. Alikuwa karibu awapandishe watoto milimani wakiwa wamefungwa kwenye kitu alichokijua kimeoza, na alikijua, kwa sababu mtu haogopi kugonga chuma kizima.

"Mimi nilikuwa napita hapa nikitoka kazini," shemeji alisema mwishowe. "Baada ya msiba. Sikuwa nakwambia. Nilikuwa nasimamisha gari hapo nje ya ukuta, nazima injini, nashusha kioo. Nalisikiliza. Halafu naenda nyumbani kulala." Alikuwa anaizungusha kofia mkononi. "Siku moja nikasimama, nikashusha kioo, kimya. Nikarudi kesho yake, kimya. Nikakuuliza, ukaniambia upepo umebadilika. Nikasema, haya, hata upepo nao."

Kengele akashika ukingo wa trela kujizuia, na ukingo ukavunjika mkononi mwake.

Waliishusha boti kwenye magogo. Shemeji alipiga simu kutafuta trela la kukodi, na akalipata bila shida. Akauliza mara moja tu kama hakuna namna, kubandika kipande, kubadilisha paipu mbili tatu.

"Mteja ningemwambia akate lote," Kengele alisema.

"Na mimi?"

"Tukate lote."

Akavaa miwani, akawasha mashine ya kukatia. Shemeji alishika paipu zisisogee, uso ameugeuza pembeni, na cheche zilipoanza kuruka aliuliza, bila kufikiri, "Tayari?" Kengele akazima mashine. Akavua miwani, akaifuta kwa kitambaa, akaivaa. Kisha akaiwasha tena.

Paipu ya kwanza ilipoachia, ilitoa maji. Hayakuwa mengi, bakuli moja labda, ya rangi ya chai ya rangi, yakatambaa kwenye sakafu ya zege hadi kwenye soli zao. Walikata mpaka jua likahama ukuta. Mwisho trela lilikuwa fungu la vipande vya kijani, vingine vyepesi kama maboksi, tayari kwa gari la vyuma chakavu.

Shemeji alianza kuvipanga karibu na lango. Kengele alimzuia kwa mkono. Alikwenda kwenye ndoana ukutani, akaushusha mpira wa maji uliokuwa umekaa pale bila kuguswa, umekakamaa, bado una mikunjo ya mkono wa mtu mwingine. Akafungua koki. Akachukua kipande cha kwanza, akauingiza mpira ndani.

"Shemeji," yule mwingine alisema taratibu, "hivi vinakwenda kuyeyushwa."

"Najua."

Maji yalipita ndani kwa ndani, yakatokea upande wa pili, mekundu, kisha ya njano, kisha meupe. Kengele alisimama akiyatazama. Kulamba hakuweza. Alinyoosha kidole, kikaishia njiani, akakirudisha.

Shemeji alikuja akachuchumaa mbele yake. Alichovya kidole kwenye maji yale, akakitia mdomoni, akafumba macho kidogo, vile vile alivyokuwa akifumba dada yake.

"Bado," alisema.

Kengele akauacha mpira palepale.