Boneti Niliyoishika Baada ya Chai

Kosa langu la kwanza kazini lilikuwa kunywa chai kabla ya kushika boneti.

Nilikuwa na wiki moja katika gereji hapa Somanda. Ufundi nilijifunza mwenyewe, kwa video za simu na kwa kufungua injini mbovu nyuma ya nyumba yetu. Fundi Mkuu alinituma Dutwa kumkagulia gari Mzee Masanja, mkulima wa pamba wa Lalago. Mzee alikuwa ameuza ng'ombe ili apate gari dogo la kutembelea, kwa sababu mkewe alitakiwa hospitali kila wiki na mgongo wake haukustahimili tena pikipiki.

Muuzaji alitupokea mimi na mzee vizuri mno, akatusalimu kwa Kisukuma. "Mwangaluka, baba. Kaeni kwanza, gari haliendi kokote."

Kwetu hufiki kwenye mji wa mtu ukaanza kupekua mali yake kabla salamu hazijaisha. Tukaulizana habari za mvua, za pamba, za mifugo. Chai ikiwa inamiminwa, ndugu wa muuzaji akalisogeza gari kivulini, akaliacha linanguruma. Nililisikia. Niliona aibu kunyanyuka mbele ya wazee.

Injini ambayo ringi za pistoni zimelika huwaka kwa shida ikiwa baridi, na hutoa moshi wa bluu kwa kuunguza oili. Ikishapata moto, inaweza kukudanganya. Hii, ilipozimwa na kuwashwa tena baada ya chai, iliwaka mara moja. Nilikagua rangi, matairi na giaboksi, nikajaza kurasa tatu.

"Ni zima, mzee."

Akalinunua. Asubuhi ya kliniki gari halikuwaka. Mke wa mzee alikwenda kwa pikipiki, binti yake akimshikilia kwa nyuma.

Fundi Mkuu alisoma kurasa zangu zote bila haraka. "Mwandiko mzuri. Boneti uliishika saa ngapi?"

"Baada ya chai."

"Basi ulikagua chai."

Nilikwenda Lalago kuomba radhi. Mzee Masanja alinisikiliza mpaka mwisho. "Uliogopa kuonekana huna adabu, mwanangu. Hata mimi niliogopa hivyo hivyo." Mkewe aliitikia salamu yangu akiwa amelala. Injini niliifungua na kuitengeneza hapo hapo uani kwao, kwa siku nne, na bado sikulala vizuri.

Nina miaka sita katika kazi hii na nimechoka kama mstaafu. Siku hizi nikifika kwa muuzaji naweka kiganja kwenye boneti kwanza, ndipo nasalimia. Ikiwa ya moto, tunarudi kesho yake. Kuna nyumba kadhaa ambazo sikaribishwi tena.