Mrija Wangu Chunguni

Nikiwa mdogo, kabla chai haijafika Kericho, mvua ya mawe ilipiga wimbi letu mpaka ukadhani ng'ombe wamepita shambani. Mama alilia. Sisi watoto tuliokota yale mawe tukayatafuna, tukicheka, mpaka tukachapwa. Mwaka ule hatukuvuna wimbi, na bila wimbi hakuna pombe, na bila pombe wazee hawakuja kwetu. Baba alikaa mlangoni kama mjane. Ndipo nilipojua kwamba kwetu Wakipsigis chungu cha pombe si kinywaji tu. Mambo yote husemwa hapo: mahari, ng'ombe aliyepotea, nani ni mtu na nani si mtu. Wanaume hukizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu, na mirija yote huingia chungu kimoja.

Haya, ya mvua nimeyasema tu. Nilipokuwa na ndevu, nikichuma chai ya mzungu, mdomo wangu ulianza kuwa mweupe. Kwanza pembeni, kama mtu aliyekunywa maziwa akasahau kujipangusa. Kisha vidole. Haikuuma, haikuwasha. Dresa, mtoa dawa wa kambi yetu ya wachuma chai, alinidunga sindano pale peupe, nikaruka.

"Kama unasikia, si ukoma," akasema.

Nikawaambia watu. Nani asikie? Jumapili, mwenye boma tulilonywea alinipokea mrija vizuri, akausimamisha ukutani, akanipa pombe yangu kwenye kibuyu, nje, karibu na mbuzi. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Nikanywa na mbuzi miezi mingi, na huko ndani wenzangu wakipangiwa wake.

Siku moja akaja mtu wa upande wa ziwa, mchochea moto wa kiwandani. Kwao pia hunywa kwa mirija, ila siku hiyo wake aliuacha kambini. Kupitia mlango uliokuwa wazi nilimwona akiutazama wangu ukutani.

"Huu wa nani?"

"Wa yule wa nje," mwenye boma akasema. "Usiguse! Utatokwa na madoa."

"Yakinienea mwili mzima nitakuwa mzungu," akasema. "Nitapewa shamba, na nyinyi mtanichumia chai."

Akauingiza chunguni, akavuta mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Mzee mmoja akacheka mpaka akakohoa.

"Omera!" akaniita yule mgeni, ndivyo kwao humwita ndugu. "Njoo ukae. Mrija wako unavuta vizuri."

Nikaingia. Akainuka kwenye kigoda, akanikalisha, akanipa mrija ungali na mate yake. Wote wakanitazama. Nikanywa. Yule mzee akasogeza mguu kunipa nafasi.

"Polepole, kijana. Na sisi tuna makoo."

Madoa ninayo mpaka leo, yamefika magotini. Mke niliyezeeka naye alizungumziwa kwenye chungu hichohicho. Namshukuru mtu yule kila Mungu anaponiamsha. Siku ile sikuweza kusema asante, mdomo ulikuwa na kazi, na kigoda nilichokipata niliogopa kukiacha. Nilimwona mlangoni tu: akafunga vifungo vya koti, akasema anarudi kwenye moto wake, akateremka njia ya Kiptere bila kugeuka. Hakurudi tena.