Siku Niliyolikataa Jua la Kavimvira

Jicho langu la kushoto lilichomwa na leza ya zamani. Iliziba mshipa uliokuwa ukivuja nyuma ya jicho, lakini ikaunguza hata sehemu isiyo na ugonjwa, ikaniachia doa jeusi katikati ya kila uso ninaoutazama. La kulia nalo lilipoanza kuvuja, niliapa: hili hawalipati, si ugonjwa, si vita.

Kwa hiyo nilivuka mpaka hadi Bujumbura, vita vikiwa vimepamba moto kwetu Uvira. Daktari alinidunga mkononi dawa ya rangi ya kijani. Alinieleza kwamba rangi hiyo hujikusanya kwenye mishipa mibovu, kisha mwanga hafifu wa leza huiamsha, ikaziba mishipa hiyo tu bila kuunguza kingine. Ila kwa siku kadhaa rangi ingebaki mwilini, na jua lingeniunguza ngozi na jicho. Baada ya kunimulika, alitaka nikae gizani kwake. Nilikataa. Mpaka ulikuwa karibu kufungwa, na sikuwa tayari kuwa mkimbizi kwa ajili ya kivuli.

Nikarudi nimejifunika vitenge kuanzia kichwani hadi vidoleni, nikiongozana na akina mama wauza samaki. Pale Kavimvira, kizuizini upande wetu wa mpaka, jua likiwa utosini, mwenye bunduki akanisimamisha. Siku hizo wanaume walitoroka kwa kujifunika hivyo hivyo.

"Weye, tosha ile kikwembe, tuone sura!" akaamuru, akitaka nivue kitenge cha usoni.

"Minye siitoshe. Dawa iko mu mwili, jua itaniunguza."

Akaikoki bunduki. Niliogopa, sifichi. Lakini hasira ilinizidi: jicho moja nimewaachia wenye leza, la pili nimwachie huyu? Nikaketi chini, palepale katikati ya barabara.

Wenzangu wakasogea karibu. Walifungua vitenge vyao vya juu, wakanizungushia ukuta, kama tunavyomfanyia mwanamke aliyeshikwa na uchungu njiani. Kwetu, mwanaume akiuona ukuta huo hageuzi shingo kuchungulia. Huupa mgongo, awe ameshika jembe au bunduki.

Huyu alisitasita. Alikuwa ameisikia sauti yangu, ya bibi mwenye wajukuu.

"Mama muzee hivi, iko nazaa nini?"

"Niko nazaa jicho!" nilimfokea kutoka ndani ya vitenge. "Geuka!"

Akageuka. Tukampita akiwa ametupa mgongo, ukuta wa vitenge ukitembea nami hadi mlangoni kwangu.