Mama Alivyosugua Vigae vya Mke Wangu

Mke wangu anafanya utafiti wa sifongo wa ziwani. Watu wakisikia sifongo wanafikiria kitu cha kuogea. Huyu ni mnyama, anaishi amejishikiza kwenye mawe huku kwetu Ilemela, na akishajishikiza hahami tena. Pa kukaa anapachagua angali lava, kidude kidogo kama chembe ya chumvi, kinachoogelea muda mfupi tu.

Tulipotengeneza bafu tulibakiwa na vigae. Mke wangu akavitoboa, akavifunga kamba na kuvitundika majini kwenye gati moja la Pasiansi. Baada ya miezi kadhaa vilikuwa vimeota ute wa kijani wenye harufu. Alifurahi. Akavileta nyumbani ndani ya ndoo ya maji ya ziwa, asubuhi avipeleke maabara.

Mama yangu alikuwa amekuja kututembelea kutoka Sengerema. Aliamka kabla yetu. Tulimkuta uani, vigae amevianika juani, vyeupe kama tulivyovinunua. Alikuwa ametumia stilwaya na majivu.

"Shikamoo mama," mke wangu alisema.

"Marahaba mwanangu. Hivi vilikuwa vimechafuka sana."

"Asante, mama."

Akaingia chumbani, akakaa kitandani. Nilipomfuata aliniambia, kwa sauti ya kawaida, kwamba lava wanautafuta ule ute. Wanagusa kigae, wakikikuta kitupu wanaondoka.

"Mweleze wewe," akasema. "Mimi nitalia."

Nilimweleza. Mama akauliza kama hatuwezi kupaka ute mwingine. Nikamwambia unaota wenyewe, polepole. Basi akaahirisha safari yake ya kurudi. Vigae viliporudishwa majini, akawa anakwenda gatini, anavuta kamba, anapitisha kidole, na wakati wa chakula anatoa taarifa.

"Bado."

Wiki zikapita. Siku moja akasema, "Vimeanza kuteleza." Mke wangu akamwongezea mboga.

Sifongo wachanga walipoonekana, vidoa vyeupe tu, mke wangu alimpa mama lenzi. Alitazama kwa muda mrefu.

"Wote wamekaa upande wa chini."

"Hawapendi jua, mama."

"Na hapa katikati wamepaacha."

"Hapo hata mimi sijui kwa nini."

Mama akatikisa kichwa, akaendelea kutazama.

Jumamosi nilimsindikiza kivukoni. Aliniagiza nimsalimie mkwewe, ingawa walikuwa wameagana nyumbani.