Msamaha Uliopigiwa Makofi

Frankline hauzi sinema; anauza mdomo wake. Picha yenyewe utaipata bure kwenye simu, lakini watu wa mtaa wa Mowlem, Nairobi, huja kwenye kibanda chake cha video Jumapili mchana wamsikie akishika maiki na kuwatilia Wazungu wa kwenye picha maneno ambayo hawakuyasema. Kila mhusika humpa jina la mtu aliyeketi pale pale. Kutajwa ni heshima, na aliyetajwa leo, wiki ijayo huja na wenzake.

Safari hii alileta picha ya kale, isiyo na rangi. Mpelelezi mweusi anatumwa kuchunguza mauaji katika mji wa Wazungu, na wa kwanza kushikwa ni yeye. Frankline alikuwa ameitazama peke yake, akaipenda kuliko zote alizowahi kuonyesha. Lakini mapenzi hayajazi benchi. Mkuu wa polisi alipomsimamisha mpelelezi stesheni, Frankline akamsemea:

"Wewe Dirie, toa kipande. Uliingia Kenya lini, wariya?"

Kibanda kikaangua kicheko kwa lile "wariya" ambalo polisi humwitia kila Msomali. Dirie, muuza vitambaa, rafiki yake wa tangu ujana, Msomali mzaliwa wa Pumwani papo hapo Nairobi, asiyeijua Garissa ila kwa jina, naye alicheka. Ila kabla hajacheka, mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye mfuko wa shati, anapoweka kitambulisho.

Frankline aliuona mkono ule. Siku za msako wa wageni wasio na vibali, wakitembea pamoja, polisi humsimamisha Dirie. Frankline huambiwa apite, naye hupita.

Akaishusha maiki. Picha ikaendelea kwa Kiingereza chake, watu wakaanza kuuliza kama DJ amelala. Hakuwa amelala. Alikuwa akingoja mwisho, maana aliujua: mkuu wa polisi anamwomba mpelelezi radhi mbele ya mji mzima. Hapo angejisafisha, tena bila kusimamisha biashara.

Mzungu akavua kofia. Frankline akasema polepole, kwa sauti yake ya kawaida:

"Dirie, nimekukosea. Nisamehe."

Wakacheka kuliko mwanzo. Wengine wakapiga makofi, na mmoja akadai Dirie aongezwe ngamia wa fidia. Dirie akatikisa kichwa, akicheka nao.

Watu walipotawanyika, Frankline alimwahi mlangoni, akamwambia ile ya mwisho haikuwa mzaha.

"Najua," Dirie akasema. "Na ile ya kwanza?"

Frankline, ambaye hata ukimwamsha usingizini hakosi jibu, akashughulika na kufuli la mlango.

Dirie hakumsukuma zaidi. Alisema picha ni nzuri, yule mpelelezi ni mwanamume kweli, hakuinama hata walipomtemea mate.

"Nipe hiyo picha, ndugu yangu," akasema. "Nataka kuiona nyumbani. Bila wewe."

Frankline akarudi kwenye mashine, akachomoa flashi yenye ile picha, akampa.