Tupokigwe Hataki Kupigiwa Makofi

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu bado umelala juu ya migomba ya Suma. Tupokigwe Mwaisaka amepiga magoti uani kwake, shavu karibu liguse tairi la pikapu yake. Analipaka povu la sabuni kwa kiganja, taratibu, mpaka povu linachemka mahali pamoja.

"Nimekuona," analiambia tundu.

Kwa koleo anachomoa jiwe jembamba kama jino la mbwa. Anakwangua tundu, anasokomeza kamba ya mpira yenye gundi, kisha anakata mkia wake kwa wembe. Kwenye pikapu, madumu ya maziwa ya majirani yanasubiri kwenda Tukuyu. Yakichelewa yatachacha, na yakichacha hakuna wa kuyapokea.

"Ugonile, fundi!" anamsalimu kwa Kinyakyusa, kwa utani, Jairo, jirani aliyeleta dumu lake. "Mumeo akirudi kutoka Chunya ataomba kazi kwako."

"Atakuta wewe ndiye mpiga pampu wangu. Kanyaga hapo, acha maneno."

Jairo anacheka, anakanyaga pampu. Tairi linaanza kunyanyuka.

Kazi hii Tupokigwe alijifunza kwa hasira. Mkandarasi alimwaga mawe makali barabarani, akaondoka bila kuyashindilia. Tangu hapo pancha ni za kila wiki. Fundi yuko mjini. Siku moja, akimsubiri, maziwa yote yalichacha, akayamwaga mtaroni huku wenye ng'ombe wakitazama.

Lakini kinachomchoma zaidi ni sifa.

Mwezi uliopita, kwenye mkutano wa kijiji, wananchi walipouliza habari za barabara, afisa mmoja alimnyooshea Tupokigwe kidole. "Igeni mfano wa mama yule! Tairi likitoboka analiziba mwenyewe nyumbani. Hasubiri serikali!"

Makofi yakapigwa. Tupokigwe akajifunika uso kwa kanga, akainama.

Afisa akadhani ameridhika. Kumbe mstari wa mbele alikuwa ameketi Mzee Ambwene, baba mkwe wake. Kwa Wanyakyusa wa rika la mzee huyo, mkamwana hatazamani na baba mkwe, seuze kupaza sauti mbele yake. Heshima yake ikachukuliwa kuwa ni kukubali, na habari ya barabara ikafungwa hapo hapo.

"Nilikuwa na la kumjibu," anasema, akikaza nati kwa nguvu kuliko inavyohitajika. "Mtu anaacha mawe yakutoboe tairi, halafu anakusifu kwa kuziba! Mimi nasafirisha maziwa. Huu ufundi nilisukumiwa."

Ana haki ya kukasirika. Ni aibu kumtwisha mtu mzigo usio wake, kisha kumpongeza kwa kuubeba.

Mkutano mwingine ni wiki ijayo. Hapo ndipo itachaguliwa barabara moja ya kuombewa fedha kabla ya masika. Ikipita hii nafasi, Suma itasubiri mwaka mzima.

Juzi jioni mama mkwe, mke wa Mzee Ambwene, alikuja, akakaa jikoni, akakohoa kidogo.

"Babu wa watoto amesema siku ya mkutano hatakwenda. Ana palizi."

"Palizi gani, mama? Shamba si limepaliliwa?"

"Nami nilimuuliza hivyo hivyo. Akasema nikuulize wewe: sauti yako unamtunzia nani?"

Tupokigwe anashusha jeki, anapanda, anawasha gari. Wiki ijayo atasimama mbele kabisa, anasema, na hatafunika uso.

"Wengine huomba wapate ufundi," anasema dirishani. "Mimi namwomba Mungu huu wangu niusahau."