Chupa Chini ya Mawaridi

Runji hakuwahi kumwaga maji ovyo. Akinawa mikono, akisukutua mdomo, hata akibakiza kidogo kwenye gilasi ya hotelini, alitoka nayo nje kutafuta shina la kumwagia. Bintiye, Ednah, aliona aibu. Lakini mzee alikulia Ishiara, kwenye ukame wa Mbeere, ambako wingu likipita watu hulisindikiza kwa macho.

Kwa miaka mingi alitunza bustani ya makao makuu ya kaunti kama kibarua. Ednah, mwalimu, alimpigia kampeni gavana mpya kwa sababu moja tu: aliahidiwa kwamba baba yake ataandikwa kazi ya kudumu.

Waliposhinda, Ednah akaingizwa kwenye kamati ya kupokea serikali. Wakakagua magari, wakabadilisha makufuli, wakaagiza kiti kipya, maana cha zamani hakuna aliyethubutu kukikalia. Siku moja kabla ya kiapo, mwenyekiti wa kamati, Nyaga, akamleta pasta kuombea uwanja wa makao makuu.

Pasta alisimama penye mawaridi, chini ya dirisha la gavana, akasema nyayo zake zinaungua. Wakachimba. Ikatoka chupa ya plastiki iliyozikwa kichwa chini, mdomo umezibwa kwa kitambaa cha fulana ya kampeni ya gavana aliyeshindwa.

"Shindwe!" Pasta akaruka nyuma.

Runji akaja mbio. "Pasta, hiyo ni yangu. Ni ya maji. Yanadondoka polepole kwa mizizi wakati wa kiangazi."

"Mmesikia? Amekiri mwenyewe!" Pasta akawageukia watu.

"Kwetu Mbeere kila mtu hufanya—"

"Uchawi wa kwenu Mbeere tunaujua, mzee!" mmoja wa wanakamati akamkatiza. Watu wakaangua kicheko.

Ednah akasema, "Bwana mwenyekiti, hata nyumbani anazo. Ni maji tu."

Nyaga akamgeukia taratibu. "Mwalimu, wewe ni wetu, ama ni wa hawa wanaotoka?"

Ednah akarudi nyuma, akasimama kati ya wanakamati wenzake.

Kesho yake, gavana alipokuwa akila kiapo, Runji alizuiwa langoni. Mawaridi yaling'olewa, pakamwagwa simiti. Ednah alipewa ofisi, na dirisha lake linaitazama simiti hiyo.

Mzee hakumlaumu. Alirudi Ishiara, na majirani waliokuwa wamesikia habari wakaacha kuomba miche kwake. Mara ya mwisho Ednah alipokwenda kumwona, alikuwa hawezi kuinuka. Akamnawisha mikono kitandani, kisha akatoka na beseni hadi kwenye mpapai mchanga ulio mlangoni, akainama kuitafuta chupa iliyofukiwa shinani.

"Ednah," mzee akaita kutoka ndani, "usitie chupani. Mwaga juu juu, watu wakuone."